Daka si baraza, na zidaka si rafu

Wiki iliyopita nimeyaona tena maneno haya, chini ya picha ya nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu: "Baraza ya nyumba ya Lamu." Aliyeipiga ni mwalimu wa usanifu majengo, na kivuli cha asubuhi amekinasa vizuri mno. Jina tu ndilo lililoteleza. Hilo ni daka.

Daka ni kiukumbi chenye paa mbele ya mlango mkuu. Baraza ni viti vya mawe vilivyomo humo, kulia na kushoto. Baraza utaikuta hata peke yake ubavuni mwa njia. Daka lazima liwe na mlango nyuma yake.

Basi tulitazame neno lenyewe. Daka ni uwazi ulioingia ukutani (tuliweke kando la kudaka mpira). Ukiwa mdogo huitwa kidaka, na wingi wake kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni zidaka, kama tusemavyo kitu na zitu; Kiswahili sanifu kingesema vidaka. Kwa hiyo ile safu ya vijishubaka vya chokaa iliyochongwa kule ndani kabisa, walipopanga sahani za kaure, ni watoto wa daka la mlangoni. Mgeni aliyepiga hodi akaketi dakani kungoja kahawa amekaa kwenye ukuta kama sahani ilivyokaa kidakani. Ukiliita baraza, undugu huo umeukata.

Na mgeni huyo huenda asivuke hapo. Nyuma ya daka ipo tekani, yaani kiukumbi cha ndani ya mlango, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, zile kumbi ndefu nyembamba, ndipo ufike ndani. Wanaosomea usanifu hutafuta istilahi ndefu za kueleza mahali pasipo njiani wala nyumbani. Waamu wanalo neno la silabi mbili: daka.

Na kwa undugu huo huo, nikisikia mtu akisema "zidaka hii" huniumiza sikio. Ni kidaka hiki, zidaka hizi. Na mbao zilizopigiliwa misumari juu ya meza ya mapokezi, hata zikiitwa zidaka, ni rafu. Kidaka hujengwa kwa mawe na chokaa.

Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na maneno yaliyo chini ya picha zake husomwa mbali kuliko sauti zetu zinavyofika. Mwalimu, picha yako isiguswe. Yabadilike maneno tu: "Daka la nyumba ya Mkomani, na baraza zake mbili."