Faili la Sauti Si Wimbo: Dhana Zinazowapotosha Wakusanyaji wa Nyimbo za Asili Dodoma

Kila mwaka baada ya mavuno, ngoma zinaposhika kasi katika vijiji vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa, hunijia wanafunzi wa fasihi simulizi, walimu wa kwaya na vijana wa studio wakiwa na simu na flashi zilizojaa rekodi, na ombi lao huwa lilelile: niwatafsirie. Nikiuliza aliyeimba ni nani, wapi na katika shughuli gani, hujibiwa kwamba hayo yataulizwa baadaye, kwa kuwa wimbo wenyewe umeshapatikana. Katika dhana zote potofu zinazoizunguka kazi hii, hakuna inayonichosha kama hiyo.

Kilichopatikana ni sauti tu. Chukulia muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wamebana ngoma ndogo katikati ya mapaja, na ambayo ina uhusiano wa karibu na unyago wa wasichana. Kundi lilelile la akina mama linaweza kuimba wimbo huohuo mbele ya mgeni rasmi, ukafupishwa ili uenee kwenye ratiba ya mshereheshaji, na kiongozi akachomeka jina la mheshimiwa mahali ambapo kijijini angemtaja mwali. Lahani haibadiliki, wala itikio halibadiliki. Mwanafunzi asiyekumbuka alirekodi uwanjani au uani ataandika kwamba tangu enzi za mababu wimbo huo ulikuwa wa kusifu watawala, na msimamizi wake, ambaye naye hakuwapo, atampa alama nzuri. Bembelezi nazo ni vivyo hivyo: mtoto amelala zamani, lakini mama bado anaimba, kwa sababu maneno yanamlenga wifi au mama mkwe aliyekaa hatua chache kutoka hapo. Asiyejua ni nani aliyekuwa anasikiliza hawezi kuutafsiri wimbo huo hata kama anajua kila neno lililomo.

Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa asili wa Afrika, alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake za kurekodi, alikuwa na vifaa ambavyo simu ya leo inavizidi kwa wepesi na kwa muda wa kurekodi. Hata hivyo, rekodi zake, zinazohifadhiwa Afrika Kusini katika taasisi aliyoianzisha mwaka 1954, zinatumika hadi leo, kwa kuwa ziliambatana na kadi zenye lugha, mahali, ala na aina ya wimbo. Faili lililopewa jina la tarakimu na simu yenyewe halitamfaa mtu yeyote mwakani, pengine hata aliyelirekodi.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameuzoea hadi wananicheka, ni kwamba kabla ya wimbo kuanza, taja kwa sauti yako mwenyewe ndani ya rekodi jina la kijiji, tarehe, shughuli inayoendelea na, kwa ridhaa yao, majina ya waimbaji. Wimbo ukiisha, usizime. Hapo ndipo waimbaji wanapoanza kuchekana, kulaumiana kwamba fulani ameruka ubeti, na kubishana iwapo maneno yale yafaa kuimbwa mbele ya wageni. Mabishano hayo yana thamani kuliko dodoso lolote utakalowasomea kesho yake. Baadaye wasikilizishe rekodi yao na uandike watakayoyasema. Kuhusu wanaoniletea video zilizokwisha kubanwa na WhatsApp, sina la kusema zaidi ya kuwaomba walete faili la awali.

Dhana ya pili hupendwa na walimu wa kwaya na watayarishaji wa muziki: kwamba sauti za Wagogo hazijanyooka na zinahitaji kurekebishwa kwa kinanda. Sauti hizo hazina kosa. Ngazi yao hufuata sauti zinazozaliwa kiasili juu ya sauti moja ya msingi, hasa ya nne hadi ya tisa katika mfululizo huo, na ile ya saba iko chini ya sauti ya kinanda iliyo jirani yake kwa takriban theluthi moja ya nusutoni, yaani ya nafasi iliyo kati ya sauti mbili zinazofuatana za kinanda. Ndiyo maana ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, iliyolinganishwa vizuri hugombana na kinanda. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alipeleka ilimba na zeze hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, na uzuri waliousifu wasikilizaji ulikuwa ndani ya sauti hizohizo. Ukiipitisha rekodi kwenye programu ya kunyoosha sauti, umefuta kitu ulichokifuata kijijini.

Wapo pia wanaodhani kwamba nyimbo za mkoa huu ni za Wagogo peke yao. Kondoa na Chemba wako Warangi, Waburunge na Wasandawe, na Kisandawe kina vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi, ambavyo tahajia ya Kiswahili haiwezi kuvinukuu. Atakayekwenda Kwa Mtoro, huko kwa Wasandawe, atafute kwanza mzungumzaji wa kumsaidia kunukuu.

Wengine hufika kijijini wakaomba waitiwe wazee, wakaletewa wanaume watupu, kisha wakashangaa kwamba hakuna anayeweza kuuongoza muheme. Waulizeni akina mama, na mkiambiwa kwamba wimbo fulani wa jando au wa unyago hauimbwi mbele yenu, msiutafute kwa mlango wa nyuma.

Na vijana wa studio wanaoshikilia kwamba wimbo wa asili hauna mwenyewe, hivyo waweza kuchukuliwa na kuuzwa, waisome Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Inalinda pia sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kawaida hutakiwa kuomba idhini. Hiyo ni serikalini. Kundi lililoimba nalo liombwe, tena kabla ya kurekodi.