Mshauri wa uwekezaji Ulaya: cheti ni mwanzo tu

Anayetaka kazi ya ushauri wa uwekezaji Ulaya huuliza kwanza afanye mtihani gani. Mimi huanza kwingine: mwajiri wako atathibitisha vipi kwamba unaijua kazi? Umoja wa Ulaya hauna cheti kimoja cha lazima kwa nchi zote. Agizo la MiFID II, sheria ya Umoja huo kuhusu masoko ya uwekezaji, lililoanza kutumika 3 Januari 2018, katika kifungu cha 25 linaibana kampuni yenyewe. Ndiyo inayopaswa kuhakikisha kwamba wafanyakazi wake wana ujuzi, na kumwonyesha mdhibiti ushahidi anapoutaka.

Miongozo ya ESMA, mamlaka ya Ulaya ya masoko ya dhamana, inawagawa wafanyakazi makundi mawili: wanaotoa taarifa na wanaotoa ushauri. Hapo ndipo wengi huteleza. Mfanyakazi wa benki akisema, "Hati fungani hii ni ya miaka mitano, riba yake asilimia 3, na ukiiuza mapema unaweza kupata pungufu ya ulichoweka," ametoa taarifa. Akiongeza, "Kwa umri wako na mipango yako, hii ndiyo itakayokufaa," huo tayari ni ushauri. Kama hajathibitishwa kwa kundi la pili, sentensi hiyo moja inatosha kuitia kampuni matatani.

Mshauri anatakiwa ajue jumla ya gharama atakazobeba mteja, kodi kwa ujumla wake, namna ya kuthamini bidhaa, faida ya kutawanya uwekezaji, na kwa nini faida ya jana si ahadi ya kesho. Juu ya sifa za masomo kuna uzoefu wa angalau miezi 6 ya kazi ya muda wote. Asiyetimiza hufanya kazi chini ya msimamizi, kwa muda usiozidi miaka 4, na mdhibiti wa nchi anaweza kuupunguza.

Usimamizi huu hauchukuliwi kwa uzito unaostahili. Kwa mujibu wa miongozo, msimamizi hubeba wajibu kana kwamba yeye ndiye aliyemshauri mteja, na ndiye anayeidhinisha ripoti inayoeleza kwa nini bidhaa ile inamfaa. Akilimbikiza ripoti za wiki nzima na kuzisaini Ijumaa jioni, saini ipo lakini usimamizi haupo. Kumbukumbu nzuri huonyesha tarehe, namba ya faili, alichouliza msimamizi na kilichorekebishwa kabla mteja hajapewa ripoti.

Kila nchi ina njia yake. Ufaransa kuna mtihani unaotambuliwa na mdhibiti, AMF. Maswali yake yamegawanywa mafungu mawili na kila fungu linadai asilimia 80, kwa hiyo kung'ara katika moja hakufidii kuanguka katika jingine. Hispania, mwongozo wa 2017 wa mdhibiti, CNMV, unahesabu saa: 150 za mafunzo kwa mshauri na 80 kwa mtoa taarifa, kisha 30 na 20 kila mwaka. Ujerumani, benki humwandikisha mshauri kwa mdhibiti, BaFin, kabla hajaanza kazi. Uingereza, iliyo nje ya Umoja, inadai sifa ya ngazi ya 4 katika mfumo wake wa vyeti kwa washauri wa wateja wa kawaida, hati ya hadhi ya kitaaluma inayohuishwa kila mwaka, na saa 35 za kujiendeleza kwa mwaka, 21 kati yake zikiwa za mafunzo rasmi.

Vyeti vya EFPA, chama cha Ulaya cha wapangaji wa fedha, kama kile cha mshauri wa fedha kiitwacho EFA, vinajulikana nchi kadhaa, ila kujulikana si sawa na kukubaliwa na mdhibiti. Kabla ya kulipia kozi, tazama orodha ya sifa zinazokubaliwa katika nchi unakokwenda. Na unapoacha kazi, omba barua inayotaja miezi uliyofanya, kama ilikuwa muda wote au nusu, kundi ulilokuwamo, na bidhaa ulizoshughulikia. Barua inayosema tu "alikuwa mfanyakazi mzuri" haimsaidii mwajiri mpya kuthibitisha ile miezi 6.