Kanuni ya wilaya si mlango wa kutokea

Marekani kuna dhana iliyozoeleka: wilaya ya hewa, yaani mamlaka ya eneo inayosimamia uchafuzi wa hewa, ikiruhusiwa kutumia kanuni zake badala ya zile za taifa, basi viwanda vya hapo vimepona. Si kweli.

Marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1990, kifungu cha 112, yanaruhusu jimbo au mamlaka ya eneo kuweka kanuni yake mahali pa ile ya taifa kuhusu kemikali zenye sumu. Ila sharti ni zito: kanuni hiyo isiwe legevu kuliko ya taifa, na EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, iikubali kwanza.

Chukua madobi wanaosafisha suti kwa perklorithilini, kimiminika chenye harufu tamu kinachohofiwa kusababisha saratani. Kanuni ya taifa ilitoka 1993. California ilikuwa na yake, na 1996 EPA ikakubali itumike badala yake. Dobi wa Los Angeles akabaki na kitabu kimoja cha kufuata badala ya viwili vinavyogongana, na faida yenyewe hasa ni hiyo.

Watu husahau jambo moja: kanuni ikishakubaliwa, inageuka kuwa sheria ya serikali kuu pia. Mkaguzi wa wilaya akilala, EPA bado inaweza kumshtaki dobi kwa kanuni hiyohiyo. Tena ikiona usimamizi ni mbovu, inaweza kuondoa kibali chenyewe.