Mwalimu, digrii peke yake haikupandishi daraja

"Maliza digrii, utapanda tu." Kauli hii ungali unaisikia kwenye vyumba vya walimu, Likoni hadi Kisauni hapa Mombasa, na wengi wameilipia karo ya likizo baada ya likizo. Haikuzuka hewani. Zamani mwalimu wa P1, yaani mwenye cheti cha ualimu wa shule ya msingi, aliyepata cheti cha juu alikipeleka kwa Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, akapandishwa. Mlango huo ulifungwa. Mwongozo wa kupanda vyeo uliotolewa mwaka 2017, uliofuta miundo mitatu ya awali, unataka nafasi iwepo, itangazwe, uombe na uhojiwe. Digrii hukuwezesha kuomba nafasi inayoihitaji. Kazi yake inaishia hapo.

Wapo pia wanaosema, "Miaka mitatu ikiisha, barua itakuja." Hii ni nusu kweli, na nusu kweli ndiyo inayopoteza watu. Anayeanzia daraja la B5 shule ya msingi hupanda hadi daraja la C1 baada ya miaka mitatu ya utendaji unaoridhisha, bila kushindana. Wa sekondari hutoka C2 hadi C3 vivyo hivyo. Kuanzia hapo, miaka mitatu ni sharti la kuruhusiwa kuomba tu. Ndiyo maana C3 imejaa walimu waliokwama: wenye sifa ni wengi, nafasi ni chache, na nafasi hutegemea bajeti. Kumlaumu mwalimu kwamba hajitumi, kwa maoni yangu, ni kumwonea.

Nyongeza ya mshahara ya kila mwaka nayo si cheo. Unasogea ndani ya daraja lilelile.

TPAD, yaani tathmini ya utendaji wa mwalimu, wanasema ni makaratasi ya kumfurahisha mkuu wa shule. Inachosha kweli, sikatai. Lakini mwongozo unaitaja tathmini hiyo miongoni mwa vigezo vya kupanda, kwa hiyo tathmini isiyojazwa inaweza kukurudia siku ya mahojiano.

La mwisho husemwa kwa sauti ya chini: kupanda ni faida tupu. Si lazima. Ukipata unaibu mkuu wa shule, unaweza kupangiwa kituo nje ya Mombasa, na posho ya nyumba hufuata mahali kituo kilipo. Anayehamia kijijini aweza kuona mshahara umeongezeka na posho imepungua. Kabla ya kuomba, piga hesabu ya vyote viwili, pamoja na nauli ya kurudi nyumbani wikendi.