Usimuulize Kama Ameelewa, Mwambie Akuonyeshe

Katika mashamba ya maua ya Naivasha, kaunti yetu ya Nakuru, mtu hupandishwa cheo kwa sababu ana mkono mwepesi. Anayefunga banchi nyingi kuliko wenzake anaitwa ofisini Ijumaa, Jumatatu ni supavaiza. Kufunga maua anajua. Kuongoza watu hajafundishwa na yeyote. Kazi yangu ni kuwanoa wasimamizi wa aina hii, na tatizo ninalolikuta karibu kila mahali ni kwamba wanaendelea na kazi yao ya zamani, ila sasa wanaifanya kwenye meza ya kila mtu.

Akiona dada amekwama, anamchukulia banchi, anaimaliza mwenyewe, anasonga meza inayofuata. Kwa mbali anaonekana mchapakazi, lakini yule dada hajajifunza kitu, na kesho atakwama palepale. Siku msimamizi huyo akiugua, laini nzima inayumba.

Dawa ni kufundisha, na kufundisha kuna utaratibu wake. Ninaoutumia mimi ulienezwa Marekani miaka ya 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilipojaa watu wasiowahi kushika mashine. Baada ya vita ukapelekwa Japani, na kampuni ya Toyota ikaushika. Una hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, kisha mfuatilie.

Chukua kugredi waridi. Ukimwambia mgeni "panga kwa urefu" umemwambia kidogo mno. Mimi humsimamisha kando yangu, tuitazame meza kutoka upande mmoja, maana akinikabili ataona mikono yangu kinyume. Mara ya kwanza naifanya kazi yote huku nikizitaja hatua zake tu: kagua kichwa, kagua majani, pima shina, weka kwenye gredi yake. Mara ya pili nataja penye mtego. Petali za nje nazifungua kidogo nikitafuta madoa ya botritisi, ule ukungu unaopenda unyevu, na shina nalilaza likiwa limenyooka kwenye alama za meza, kwa sababu likipinda kidogo tu, ua la sentimita 60 linaingia kwenye 50. Mara ya tatu natoa sababu. Doa dogo la leo, baada ya siku kadhaa ndani ya boksi na safari ya ndege, linaweza kuwa kichwa kilichooza mikononi mwa mnunuzi. Aliyeambiwa sababu atalitafuta doa hata wakati hakuna anayemtazama.

Halafu namwachia meza. Hapa ndipo wasimamizi wapya huteseka kweli, kwa sababu mikono inawawasha. Naomba wavumilie. Mtu akikosea, msimamishe hapohapo kabla kosa halijawa mazoea, umrudishe kwenye hatua aliyoiruka, lakini banchi ibaki mikononi mwake.

Kuna swali moja ambalo ningependa lipigwe marufuku kazini: "Umeelewa?" Kijana mpya atajibu, "Ndiyo, madam." Angejibu nini kingine? Anahitaji kibarua, na aliye mbele yake ni mkubwa wake. Kwetu si rahisi mtu kumwambia mkubwa, tena mbele ya watu, kwamba maelezo yake hayakueleweka. Basi mwambie, "Nionyeshe." Akimaliza, mwambie, "Sasa nieleze kwa nini ua hili umelikataa." Akinyamaza, bado hujamaliza kumfundisha.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wanapoteza ajira kwa mambo ambayo hawakuwahi kuonyeshwa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amsikilize, na mfanyakazi huyo ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Msimamizi atasema nini katika kikao hicho, kama hana siku hata moja aliyokaa na mtu wake mezani?

Kwa waajiri nina neno fupi. Ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi mnaulipa NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, na mafunzo yaliyoidhinishwa yanaweza kuombewa marejesho. NITA ina kituo chake pale Kisumu. Ulizeni, pesa ni zenu.

Mkishaanza kufundisha, bandikeni karatasi ukutani. Majina kushoto, kazi juu: kugredi, kufunga, kukagua, kupanga boksi, chumba cha baridi. Weka alama moja kwa anayeweza kazi peke yake, mbili kwa anayeweza kumfundisha mwingine. Huyu wa alama mbili mpe pia uamuzi: aweze kukataa ndoo nzima iliyotoka grinhausi ikiwa na ukungu bila kukusubiri wewe. Kisha tafuta kazi yenye alama za mtu mmoja tu. Anza na hiyo, na uanze Novemba, kwa sababu mwishoni mwa Januari, oda za Valentine zikishaingia na vibarua wapya wamejaa mlangoni, hutapata hata nusu saa ya kusimama kando ya mtu.