Misuli kuongezeka huku mafuta yakipungua
Jimu nyingi bado utaambiwa uchague: kwanza ule sana misuli ijae, halafu ndiyo ukate mafuta. Eti mwili hauwezi yote mawili kwa pamoja. Unaweza. Mafuta hayageuki kuwa misuli, hilo ni kweli, lakini nishati iliyohifadhiwa ndani yake husaidia kugharamia ujenzi, mradi protini ipo na misuli inafanyishwa kazi nzito.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya vijana wa kiume 40 waliokula kalori pungufu ya mahitaji yao kwa takriban asilimia 40, kwa wiki 4 za mazoezi makali. Waliopewa gramu 2.4 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku walipoteza wastani wa kilo 4.8 za mafuta, wakaongeza kilo 1.2 za uzito usio wa mafuta. Waliopewa nusu ya protini hiyo hawakuongeza karibu chochote.

Vijana hao wote hawakuwa wanyanyua vyuma wazoefu, na hapo ndipo penye siri: anayeanza, mwenye kitambi, au anayerudi baada ya mapumziko marefu hufaidika zaidi. Mkongwe wa vyuma atasubiri sana. Na mizani isikukatishe tamaa isiposhuka sana, maana misuli inayoongezeka nayo ina uzito. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani.