Ziwa halikuamua: hiari ya binadamu na kilima cha umeme kichwani

Kila mjadala wa hiari, yaani kama kweli mtu huamua mwenyewe, siku hizi unaishia kwenye jaribio la Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo wa Marekani, lililochapishwa mwaka 1983. Watu hulifupisha hivi: ubongo umeshaamua kabla wewe hujajua, basi hiari ni kiini macho. Mimi nalipinga fupisho hilo, na sababu yangu iko kwenye namna ya kupima.

Mtu aliketi akitazama saa yenye nukta ya mwanga inayozunguka mara moja kila sekunde 2.56. Aliambiwa akunje mkono wakati wowote atakaojisikia, kisha ataje nukta ilikuwa wapi pale hamu ya kukunja ilipomjia. Elektrodi za kichwani zilisoma umeme wa ubongo. Za mkononi zilionyesha msuli umeanza lini. Umeme ulianza kupanda takribani milisekunde 550 kabla ya msuli, hamu ikatajwa milisekunde 200 hivi kabla.

Saa yenyewe ina udhaifu. Ukimpigia mtu mlio mfupi baada ya kubonyeza kitufe, ukauchelewesha kidogo, na muda anaosema aliamua husogea mbele. Lakini kasoro kubwa iko kwenye wastani.

Umeme huo ni mdogo sana. Ukikunja mkono mara moja hauonekani, umezama kwenye kelele za ubongo, yaani umeme mwingine unaopanda na kushuka ovyo. Ndiyo maana Libet alichukua mikunjo 40, akaipanga yote kuanzia pale msuli ulipoanza, akapiga wastani kurudi nyuma. Hapo ndipo kilima cha umeme kinajitokeza.

Simama Mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, upepo ukishaanza, utazame ukingo wa mtumbwi uliopakia. Mawimbi yanapanda, yanashuka, mara mojamoja maji yanavuka ukingo. Chukua mara 40 yalipovuka, rudi nyuma sekunde tatu, piga wastani: utapata maji yanayopanda taratibu kuelekea ukingo. Hayawezi kuonekana vingine, kwa kuwa umehesabu zile mara yalipoingia tu. Yale yaliyopanda yakashuka hukuyaandika popote. Nani atasema ziwa lilikuwa limeshaamua kuulowesha mzigo?

Mwaka 2012 mtafiti wa ubongo Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba ubongo unaweza kufanya vivyo hivyo. Mtu akiambiwa afanye jambo wakati wowote, bila sababu ya kuchagua sasa au baadaye, kelele zinazopanda na kushuka ndizo zinazofikisha mkono ukingoni. Kilima kinabaki, ila si lazima kiwe uamuzi uliofichwa. Tena mwaka 2016 watafiti wa Berlin waliwashindanisha watu na kompyuta iliyosoma kilima hicho na kuwasha taa ya kuwazuia: waliweza kughairi hadi milisekunde 200 hivi kabla ya kusogea.

Na kukunja mkono bila sababu si kuchagua kwa maana tunayoijali. Mama anayenunua dagaa pale Mwaloni anachota kiganja kimoja, ananusa, anatafuna mmoja kusikilizia mchanga, anauliza walianikwa chini au kwenye chanja, ndipo anataja bei. Hayo ni dakika kadhaa, na kila hatua inaweza kubadili inayofuata. Saa ya Libet haikugusa uamuzi wa aina hiyo.

Utaniambia hata pua yake ilifundishwa na mama yake, kwa hiyo sababu zake si zake. Nakubali zilitoka mahali. Uamuzi usiotoka popote ungekuwa sawa na lile wimbi, bahati tupu, na sioni hiari gani ingepatikana humo. Wazo jipya nalo ni hivyohivyo: aliyeona kichanja cha vyombo uani akawaza kuanikia samaki ametumia miti ileile, ila kuunganisha ni kwake.

Ukitaka kupima hiari, pima hapo. Yule mama ameacha sado ya pili kwa sababu ya mchanga? Mletee dagaa wa bei ileile, ukubwa uleule, waliokaushwa kwenye chanja. Akiwachukua, mchanga ndio uliokuwa ukifanya kazi kichwani mwake.